Kuenda kujifunza, kurudi kufanya kazi

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa umoja wetu, Panda, Likasi

  Hatutakamata muda mrefu, lakini tunaomba masikio, sababu jambo lenyewe halijulikani sana.

Sanduku letu la msaada ni dogo, kila mtu anajua. Linasaidia matanga, uzazi, na mtu aliyelazwa akikosa dawa. Sasa komite inatuomba tufikiri juu ya munganga kijana, mtoto wa familia iliyorudi hapa kama zetu, ambaye anataka kuenda kwenye hospitali ya chuo kikuu kufanya mafunzo ya juu ya kusoma nyama inayotolewa katika operesheni. Wengine kati yenu wameuliza: ile inatuhusu nini sisi wa Panda? Kwa nini tusinunue dawa ya malaria na franga hizo? Ni swali la haki. Mtu anayechanga ana haki ya kujua anachangia nini. Sisi tunaotembea mitaani kwa kazi ya shirika tumejaribu kutafuta jibu, na hili ndilo tunaloleta.

Tuanzie kwenye chumba cha operesheni. Munganga wa upasuaji anatoa kivimbe katika ziwa la mama, ao tezi katika shingo ya kijana. Macho yake yanaona mengi: ukubwa, ugumu, rangi. Lakini kuko kitu ambacho macho hayaoni. Vivimbe viwili vinaweza kufanana kama mayai ya kuku mmoja, kimoja kinaua, kingine si kitu. Anayeweza kuvitenganisha ni munganga wa anapati. Huyu wagonjwa hawamuoni. Hana foleni mbele ya mlango wake. Yeye anapokea kipande cha nyama, anakitayarisha, anakiangalia kwa mikroskopi, halafu anaandika jibu. Jibu hilo ndilo linaloambia wengine wafanye nini.

Ili aweze kusoma, lazima nyama ifike ikiwa nzima. Hapa kazi inaanza kuharibika mapema sana. Nyama ikitoka mwilini inaanza kuoza mara moja. Inatakiwa iingie katika formoli: kipimo kimoja cha formoli kali, vipimo 9 vya maji. Maji hayo yazidi nyama kama mara 10. Chupa iwe na mdomo mpana, sababu nyama ikikaa katika formoli inakuwa ngumu, na ikiingia kwa nguvu kupitia mdomo mdogo haitatoka tena bila kukatwa-katwa. Kwa nyama ya ziwa, kanuni za kimataifa zinasema isikae katika formoli chini ya saa 6, wala isipite saa 72. Juu ya chupa kuandikwe jina, siku, na sehemu ya mwili. Si juu ya kifuniko. Juu ya chupa yenyewe, sababu vifuniko vinabadilishana.

Nyuma ya pale, laborantini anaiondoa maji, anaiingiza katika parafini, inakuwa kama kipande cha mshumaa. Anaikata kwa mashine inayoitwa mikrotomi, vipande vyembamba vya mikroni 3 mpaka 5. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Basi hesabuni wenyewe. Anaviweka juu ya kioo, anavipaka rangi mbili: ya bluu inayoonyesha kiini cha seli, na ya waridi inayoonyesha mwili wa seli. Hapo ndipo munganga anakaa na kusoma.

Jibu lake si «kansere» ao «si kansere» tu. Kama ni kansere, anasema ni ya namna gani. Anasema kama ukingo wa nyama iliyokatwa ni safi, ao kama ugonjwa umebaki ndani. Anahesabu tezi zilizoguswa. Kwa kansere ya ziwa, wakipima zaidi, wanaweza kujua kama ni ile inayoishi kwa homoni za mwanamke. Ikiwa ni hiyo, kuko kidonge kinachoitwa tamoksifeni, kinachomezwa kila siku kwa miaka 5 ao kupita. Ikiwa si hiyo, kidonge hicho hakitasaidia kitu. Na tezi ya shingoni: inaweza kuwa kifua kikuu, ugonjwa ambao sisi watu wa mji wa migodi tunaujua sana, inaweza kuwa pia limfoma, ambayo ni kansere ya damu ya tezi. Ya kwanza inatibiwa kwa dawa za miezi 6, na za bure. Ya pili haisikii dawa hizo hata kidogo. Mtu anaweza kumeza dawa za kifua kikuu miezi mizima, na tezi zinaendelea kukua.

Tuseme mfano mmoja, bila jina la mtu wala la hospitali. Mama wa mtaa wetu alikuwa na kivimbe katika ziwa. Alienda, akafanyiwa operesheni, familia ikalipa kwa deni. Alituambia: «Balitosha kile kivimbe, balisema ilisha.» Nyama haikutumwa popote. Ilitupwa. Nyuma ya miezi kadhaa kovu likafunguka, na chini ya kwapa kukatoka tezi. Alipofika mbele ya munganga mwingine, swali la kwanza lilikuwa: «Jibu la nyama ya kwanza liko wapi?» Hakukuwa na jibu. Ikabidi kuanza upya, kukata upya, kulipa upya, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kupiga hatua. Familia ile ililipa operesheni mbili na haikupata hata karatasi moja. Ndugu, malaria inaua, hatukatai. Lakini franga zilizolipwa kwa operesheni isiyo na jibu, nazo ni franga za sanduku hili hili.

Sasa, mafunzo ya juu ni nini? Tuweke ngazi vizuri. Kwanza mtu anasoma udaktari, miaka 6 ao 7. Halafu anasoma anapati kama kazi yake maalum, miaka mingine, mara nyingi 4. Pale anaweza kusoma magonjwa mengi ya kila siku. Mafunzo ya juu, yale ambayo wenye kusema Kiingereza wanaita felowshipu, yanakuja juu ya hayo yote. Kawaida ni mwaka mmoja, mara chache miwili. Anayefanya si mwanafunzi wa kukaa darasani. Ni munganga kamili anayefanya kazi chini ya jicho la wakubwa wa kazi hiyo.

Siku yake ni hivi. Asubuhi anasimama mezani, viungo vinaletwa kutoka operesheni: ziwa, tumbo la uzazi, kipande cha utumbo. Anavipima, anavipaka wino ukingoni ili ajue upande uliokatwa, anachagua sehemu za kuchukua. Akichagua vibaya, mikroskopi haitamsaidia, sababu ugonjwa utabaki katika ile nyama isiyochukuliwa. Mara nyingine simu inapigwa kutoka chumba cha operesheni: mgonjwa amelala, tumbo limefunguliwa, munganga wa upasuaji anataka kujua aendelee kukata ao afunge. Nyama inagandishwa kwa baridi, inakatwa, inasomwa, na jibu linarudi katika dakika kama 20. Mchana anakaa na mwalimu kwenye mikroskopi moja yenye macho ya watu wawili, wanasoma pamoja. Kila wiki anaketi na wanganga wa upasuaji na wa dawa za kansere, wanapanga mgonjwa mmoja mmoja.

Kwa nini ni lazima hospitali ya chuo kikuu? Sababu ya wingi. Kuko magonjwa ambayo katika hospitali ndogo mtu anayaona mara moja kwa miaka mingi. Katika hospitali kubwa inayopokea wagonjwa wa nchi nzima, anayaona kwa mwaka mmoja mara nyingi mpaka jicho linazoea. Jicho la anapati ni kama la fundi wa mawe ya shaba: vitabu vinasaidia, lakini anayejua malakiti ya kweli ni yule aliyeshika mengi.

Msifikiri hii ni kazi ya Wazungu tu, ao ya mbali. Bara letu limefanya mambo makubwa kwa kipande cha nyama. Kule Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1951 daftari la kansere, na lilishikwa na watu wa anapati. Katika hospitali ya Mulago, munganga wa upasuaji Denis Burkitt aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1958 aliandika juu yao. Watu wa anapati wa pale pale, Gregory O'Conor na Jack Davies, walisoma nyama na kuonyesha kwamba ni limfoma. Jambo hilo lilibadilisha matibabu: badala ya kukata taya la mtoto, wakatumia dawa, na watoto wengine wakapona. Vipande vya nyama viliwekwa katika ndege kutoka Uganda mpaka London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona ndani yake virusi ambavyo havikujulikana.

Na hapa kwetu Kongo. Mwaka 1960, Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kipande cha tezi ya mama mmoja kiliwekwa katika parafini. Kilitunzwa. Miaka 48 ikapita. Mwaka 2008 wataalamu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, walitangaza katika gazeti Nature kwamba ndani ya kipande kile kulikuwa virusi vya ukimwi. Wakikilinganisha na damu ya mwaka 1959 iliyotoka mji huo huo, waliweza kuhesabu kwamba virusi vilianza kuenea kwa watu mwanzoni mwa karne iliyopita, karibu mwaka 1908. Dunia nzima ilijua hayo sababu laborantini fulani wa Kinshasa alifanya kazi yake vizuri siku moja, na wengine nyuma yake hawakutupa.

Mfano wa karibu zaidi na hali yetu ni wa Rwanda. Kule Butaro, milimani upande wa kaskazini, kituo cha kansere kilifunguliwa mwaka 2012. Mwanzoni nyama zilisafiri mpaka Boston, Marekani, kusomwa na watu wa hospitali ya Brigham and Women's waliojitolea. Ilisaidia, lakini haikuwa njia ya kudumu. Wakajenga laboratwari pale pale, wakatumia picha kwa intaneti, na Chuo Kikuu cha Rwanda kikaanza kufundisha wanganga wa anapati wake. Kule Malawi, mjini Lilongwe, laboratwari ya anapati ya hospitali ya Kamuzu Central ilianza mwaka 2011. Wanganga wa pale wanakutana kwa intaneti na wenzao wa University of North Carolina kusoma pamoja kesi ngumu. Mwangalie jambo moja: intaneti inatuma picha, haikati nyama. Kama hakuna mtu hapa wa kutayarisha kioo vizuri, hakuna kitu cha kutuma.

Basi tufike kwenye neno lenyewe tunalotaka kusema. Kumtuma munganga kujifunza si kazi ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ni kurudi kwake.

Na juu ya kurudi, ndugu, hakuna wa kutufundisha. Mji huu unakumbuka stesheni ya treni mwaka 1992 na 1993, familia zilizolala pale na mizigo zikingoja kuenda Kasai. Kati yetu kuko waliorudi kutoka kule, kuko waliorudi kutoka Zambia, kuko waliorudi kutoka mbali zaidi. Kila mmoja anajua kitu kilichomrudisha, na kitu kilichokaribia kumrudisha tena alikotoka. Upendo wa nyumbani uko, lakini upendo peke yake haulipi nyumba. Tulibaki pale tulipopata mahali pa kulala, kazi ya mikono, shule ya watoto, na jirani aliyefungua mlango. Aliyekosa hivyo vyote aliondoka tena, na hatukumlaumu.

Munganga naye ni mtu. Akimaliza mwaka wake, jicho lake limekuwa kali, mikono imezoea. Akirudi akakuta hakuna mikrotomi, formoli imekwisha, umeme unakatika usiku nyama ikiwa katikati ya mashine, laborantini hayuko, na mshahara ni ahadi, atafanya nini? Atafungua kliniki ya kutibu malaria, sababu watoto wake wanakula kila siku. Ao atakubali kazi nchi nyingine. Pale tutasema ametusaliti. Lakini tutakuwa tumemsomesha mtu wa kusoma bila kumpa kitabu.

Ndiyo maana tunapendekeza kwamba mkataba wa kurudi uandikwe mbele ya mkataba wa kuenda. Hospitali itakayompokea iandike kazi yake na mshahara wake kabla hajapanda basi. Laborantini mmoja apelekwe kujifunza wakati ule ule, sababu mafunzo yake ni mafupi na bila yeye munganga amefungwa mikono. Mikrotomi, formoli, parafini na rangi vihesabiwe katika bajeti ya mwaka wa kwanza wa kurudi, pamoja na batri ao jenereta ya kulinda mashine usiku. Na mwalimu wake wa kule aahidi kusoma naye kwa intaneti kesi ngumu angalau miaka miwili, ili asibaki peke yake. Mtu wa anapati aliye peke yake hana wa kumuuliza, na katika kazi hii kuuliza mwenzako ni sehemu ya usalama wa mgonjwa.

Juu ya mahali pa kujifunzia, mawazo yetu ni haya: karibu ni bora kuliko mbali. Hospitali za vyuo vikuu vya Kinshasa, Kampala, Nairobi ao Dar es Salaam zinaona magonjwa yanayofanana na yetu, na kwa mashine ambazo hata sisi tunaweza kuzipata. Anayejifunza kwenye vifaa ambavyo hatavikuta nyumbani anarudi na huzuni. Kwa Dar es Salaam kuko na faida nyingine: mgonjwa na laborantini wote wanasema Kiswahili, hata kama chao kitatucheka kidogo chetu cha Katanga.

Wafadhili wetu, ninyi tunawaomba jambo moja la wazi. Kulipa mwaka wa mafunzo kunapendeza, kuko picha, kuko cheti. Lakini tafadhali, gawanyeni franga zenu nusu kwa nusu: nusu ya kuenda, nusu ya mwaka wa kwanza wa kurudi. Kama haziwezi kutosha kwa vyote viwili, tungoje. Heri tuchelewe mwaka mmoja kuliko kumpoteza mtu.

Na sisi wanachama? Hatungojei munganga arudi ndipo tuanze. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa kansere ya ziwa wa mwaka 2021, linasema kwamba toka siku mama anapofika kwenye kituo cha afya na kivimbe mpaka siku anapojua ni kitu gani, zisipite siku 60. Tuhesabu siku hizo hapa Panda. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni kilomita kama 120, gari linafika siku moja. Basi si barabara inayokula siku 60. Zinaliwa na kungoja franga ya biopsi, na chupa iliyobaki juu ya kabati hakuna wa kuipeleka, na jibu lililotoka lakini hakuna aliyeenda kulichukua. Mambo hayo matatu hayahitaji felowshipu. Yanahitaji umoja kama huu.

Tunaomba basi mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, sanduku liweke sehemu ndogo, kama likelemba, ya kulipia biopsi ya mwanachama bila kungoja kikao cha mwezi. Pili, kuwe na daftari moja: siku nyama ilipotoka, siku iliposafiri, siku jibu liliporudi, na jina la mtu wa komite anayefuata. Daftari hilo likae na mtu mmoja wa kuaminiwa, sababu ugonjwa wa mtu si habari ya sokoni. Tatu, kila mmoja wetu anayefanyiwa operesheni, ao anayesindikiza mgonjwa, aulize swali hili kwa heshima mbele ya operesheni: «Munganga, nyama itapelekwa wapi kusomwa, na jibu tutalipata lini?» Munganga mzuri hatakasirika. Atafurahi kuona kwamba familia inajua.

Tuseme pia ukweli wote. Kusoma nyama hakuponyi mtu. Kama jibu linatoka na dawa haziko, ni karatasi tu. Lakini bila jibu, hata dawa zikiwepo hatujui tumpe nani zipi. Na kila jibu likiandikwa katika daftari, nyuma ya miaka michache tutaweza kuonyesha serikali na wafadhili ni wamama wangapi wa Panda wenye kansere ya ziwa, wangapi wa mlango wa kizazi, na walifika mapema ao walichelewa. Leo tunasema «ni wengi». Neno «wengi» halinunui mikrotomi. Hesabu inanunua.

Munganga yule kijana hatujampa jibu bado. Komite inasubiri sauti yenu. Karatasi ya kujiandikisha kwa sehemu ya biopsi iko mezani kwa katibu, na rasimu ya mkataba wa kurudi iko pale pale, mtu yeyote anaweza kuisoma na kuongeza neno. Someni, ulizeni, bisheni, halafu tupige kura.